Sampuli ya 17 na kipande kisicho chake

Kisa hiki ni cha tyubu moja. Ndani yake mlikuwa na mchujo wa ini la kijusi cha mbuzi, na kwenye lebo mkono tusioujua ulikuwa umeandika kwa penseli: "Mbuzi, ini, kijusi, 14/2/07", kisha jina la kijiji kimoja upande wa Bahi, mkoani Dodoma. Sisi tuliipa namba 17. Kwa karibu wiki tatu tyubu hiyo ilituaminisha kwamba tumegundua jambo zito, la kutangazwa hadi nje ya nchi. Nimeamua kulieleza lote, hatua kwa hatua, kwa sababu najua wanafunzi wengine wako kwenye meza kama ile tuliyokuwa nayo sisi, na sampuli zao ni za wanyama na watu waliokufa kweli.

Aliyekuwa Dodoma mwanzoni mwa 2007 anaikumbuka tarehe ile bila kuambiwa. Mvua za mwishoni mwa 2006 zilikuwa nyingi kupita kawaida, mwaka wa El Niño na bahari ya Hindi iliyopata joto upande wetu. Mbuga zikajaa. Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa kirusi unaoenezwa na mbu na kwa damu ya mnyama mgonjwa, ilianza kaskazini-mashariki ya Kenya mwezi Desemba, Januari ikawa Tanzania, na hakuna mkoa ulioumia kuliko Dodoma. Hadi inaisha katikati ya mwaka, wagonjwa wapatao 300 walikuwa wamehesabiwa nchini na zaidi ya 100 kati yao wamefariki. Mifugo ilikufa kwa maelfu, na mbuzi na kondoo wenye mimba walizitupa karibu zote ndani ya siku chache. Mabucha yalikosa wateja. Kila nikiishika sampuli ya mwaka ule, hizo ndizo habari zinazonijia kwanza, kabla ya jeni yoyote.

Tyubu zetu zilitoka kwenye hifadhi ya zamani. Kirusi chenyewe kilikuwa kimeshauawa kwa dawa kwenye maabara yenye ulinzi wa kutosha kabla hata hatujazipokea, kwa hiyo tulichobaki nacho ni RNA yake tu. Kila sampuli ilikuja katika tyubu mbili, A na B. Mwanafunzi wangu wa shahada ya uzamili alipewa kazi ya kusoma mfuatano wa vinasaba vya kirusi katika kila sampuli ambayo bado ingesomeka, ili tujue ni ukoo upi uliopita kwetu.

Hapa lazima nieleze umbo la kirusi hiki, maana kisa chote kinasimama juu yake. Kilitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1930 na 1931 karibu na Ziwa Naivasha, Kenya, kwenye shamba la kondoo. Vinasaba vyake ni RNA, na haviko kwenye uzi mmoja. Viko katika vipande vitatu vinavyojitegemea, vilivyopewa majina kwa ukubwa: L, M na S. Cha L kina herufi kama 6,400 na kinabeba maelekezo ya kimeng'enya kinachonakili RNA ya kirusi. Cha M kina kama 3,900 na ndicho chenye protini za ganda la nje, Gn na Gc, ambazo kirusi huzitumia kuingia kwenye seli. Cha S ni kidogo, herufi kama 1,700, lakini kina ujanja wake: jeni moja, ya protini N inayoivika RNA, husomwa kwa mwelekeo mmoja, na nyingine, ya NSs, husomwa kwa mwelekeo wa kinyume. Hiyo NSs ndiyo inayozima kinga ya mwanzo ya seli. Ukijumlisha vyote ni herufi zisizofika 12,000. Ugonjwa wote ule ulibebwa na maandishi yasiyojaza kurasa kumi za daftari.

Kwa kuwa vipande ni vitatu na havijafungwa pamoja, virusi viwili vya jamii hii vikikutana ndani ya seli moja vinaweza kubadilishana. Anazaliwa mtoto mwenye L na M za mmoja na S ya mwingine. Jambo hilo limeshaonekana katika virusi hivi.

Jambo la pili la kueleza ni chanjo. Chanjo iliyokuwa ikitumika Afrika Mashariki ni ya Smithburn. Asili yake ni kirusi kilichopatikana kwenye mbu waliokamatwa Uganda mwaka 1944, kikapitishwa kwenye ubongo wa panya mara nyingi hadi kikapungua ukali. Ni chanjo hai. Dozi moja inamkinga mnyama kwa muda mrefu, na ni ya bei ambayo mfugaji anaweza kuimudu. Ila mnyama mwenye mimba inaweza kumfanya aitupe, na kwa kuwa ni kirusi kizima chenye vipande vyake vitatu, kwa nadharia kinaweza kukutana na kirusi cha asili ndani ya mbuzi yuleyule. Wataalamu pia huonya kuhusu kuchanja wakati mlipuko umeshaanza: sindano moja ikizunguka zizi zima inaweza kuubeba ugonjwa kutoka kwa mnyama aliyekwishaambukizwa.

Sasa mwone mwanafunzi wangu anavyoingia ofisini asubuhi moja na kompyuta mkononi, hajakaa bado.

"Dokta, namba 17 ni mchanganyiko."

Alikuwa amesoma sehemu mbili. Kwenye M, ile sehemu ya herufi 490 ya jeni ya Gn ambayo watafiti wengi huitumia kulinganisha koo, sampuli 17 ilikaa sawasawa na virusi vya Afrika Mashariki vya 2006 na 2007. Kwenye S, herufi mia sita na kitu za jeni ya N, ililingana na Smithburn. Nasema ililingana kwa maana ya kwamba hapakuwa na herufi hata moja iliyotofautiana. L ilikuwa imegoma kabisa.

Ukiyasoma matokeo hayo juu juu, maana yake ni moja: chanjo na kirusi cha asili vilikutana ndani ya mbuzi wa Bahi mwaka 2007 na kuzaa kirusi kipya, na kikaua mimba. Nilinyamaza kidogo. Nilijua habari hiyo ingefika wapi. Isingeishia kwenye jarida la kisayansi. Ingefika kwenye simu za wafugaji kwa siku mbili, ikiwa imefupishwa kuwa "chanjo ndiyo iliyoua mbuzi", na mvua kubwa zikirudi tungekuwa tunaomba zizi kwa zizi watu wakubali kuchanja. Lakini pia sikuwa na haki ya kuizika kwa sababu tu inatisha. Kama ni kweli, mfugaji ndiye wa kwanza mwenye haki ya kuijua.

Tukaandika ubaoni njia tatu ambazo tokeo hilo lingeweza kutokea. Ya kwanza ni mchanganyiko wa kweli. Ya pili, mama mbuzi alichanjwa akiwa tayari ana kirusi cha asili, hivyo ndani ya ini mlikuwa na virusi viwili vilivyokaa pamoja bila kubadilishana chochote. Ya tatu ni uchafuzi wa humu ndani, maana kidhibiti chanya chetu, yaani RNA tunayoijua ambayo huwekwa kwenye kila kipimo kuthibitisha kwamba kipimo kinafanya kazi, kilikuwa kimetengenezwa kutokana na chanjo ileile ya Smithburn.

Mwanafunzi aliipinga ya tatu kwa hoja nzuri. Tundu la maji matupu, yaani kidhibiti hasi, kwenye sahani ya PCR, kipimo kinachorudufu DNA, lilikuwa safi, halikuonyesha chochote. Na kama RNA ya chanjo ingemwagikia tyubu, kwa nini M isiwe ya chanjo pia? Hoja hiyo ya pili ilinikalia kichwani usiku kucha. Ilikuwa sahihi, na mwishowe ndiyo iliyotuonyesha mlango, ingawa si ule alioufikiria yeye.

Kabla ya kugusa tyubu tena tulikwenda kijijini. Naona ilipaswa kuwa hatua yetu ya kwanza kabisa. Kupitia kwa afisa mifugo wa kata tulimpata mzee ambaye mbuzi wa zizi lake walichukuliwa sampuli mwaka ule. Tukamsalimu kwa "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, akacheka kusikia inavyotoka vinywani mwa wageni, mwanafunzi akaongeza shikamoo, akapewa marahaba na kigoda. Daftari la chanjo la mwaka ule halikuwepo tena. Tukamuuliza mzee kama anakumbuka wachanjaji walifika lini.

Tarehe hakuwa nayo. Alikuwa na shamba. Mbuzi walianza kutupa mimba wakati wa palizi, akasema, wanawake wakiwa shambani na majembe, mvua inanyesha karibu kila siku, na jioni hakukaliki kwa mbu. Mkewe alirudi kutoka kupalilia akakuta watatu wametupa chini ya mti mmoja. Wale watu waliokata ini walikuja siku chache baadaye. Na wachanjaji?

"Hao walikuja uwele umeshachanua, mjukuu wangu. Nakumbuka maana niliwatuma vijana waache kuamia ndege waje kushika mbuzi."

Kwa mtu wa Dodoma hiyo ni kalenda kamili. Palizi ni Januari na Februari. Uwele kuchanua na watoto kwenda kuamia ndege ni Machi kuendelea. Lebo yetu inasema tarehe 14 Februari. Kwa maelezo ya mzee, mbuzi wa sampuli 17 alitupa mimba kabla sindano yoyote haijaingia katika zizi lile. Kumbukumbu ya miaka mingi inaweza kuteleza, na chanjo ingeweza kuingia na mbuzi aliyenunuliwa mnadani, hilo tulimuuliza pia, akasema mwaka ule hakununua. Haikuwa hukumu, ila njia ya kwanza na ya pili zilikuwa zimeanza kusinyaa.

Turudi maabara. Nilimwomba mwanafunzi anionyeshe namba ghafi. Kipimo tulichotumia huhesabu mizunguko: kila mzunguko DNA hujirudufu, na kadiri kilichomo mwanzoni kilivyo kingi ndivyo mwanga unavyoonekana mapema. M ya sampuli 17 ilionekana mzunguko wa 33. S yake ilionekana mzunguko wa 24. Hiyo ni mizunguko tisa katikati, na mbili ikizidishwa yenyewe mara tisa ni 512. Yaani tuliambiwa na mashine kwamba ndani ya ini moja kipande cha S kilikuwa kingi mara mia tano kuliko M. Vipande vya kirusi hiki havipatikani kwa uwiano sawa, ni kweli, lakini hupishana kwa mara chache, si mara mia tano. Kwenye kidhibiti chenyewe vipimo viwili hivyo vilipishana mzunguko mmoja tu. Namba hizo zilikuwa kwenye karatasi yetu tangu siku ya kwanza, nami nilikuwa nimeipitia karatasi hiyo na kuitia sahihi.

Hapo ndipo hoja ya mwanafunzi ilipogeuka kuwa ufunguo. Kama uchafu ungekuwa RNA nzima ya chanjo, M ingechafuka pia. M haikuchafuka. Basi uchafu ulikuwa wa S peke yake. Na humu ndani kuna kitu kimoja tu ambacho ni S peke yake: zao la PCR, zile nakala za DNA zinazobaki kwenye tyubu baada ya mashine kumaliza kazi. Siku nne kabla, alikuwa amerudufu kipande kirefu cha S cha kidhibiti na kukipitisha kwenye jeli kuangalia ukubwa wake. Tone lisiloonekana la zao hilo lina mabilioni ya nakala.

Kulipima hilo ni rahisi. Mashine ya PCR haisomi RNA, inasoma DNA tu. Kwa hiyo katika kazi ya kirusi cha RNA kuna hatua ya mwanzo ambapo kimeng'enya maalumu huigeuza RNA kuwa DNA, ndipo urudufu uanze. Na kirusi cha Homa ya Bonde la Ufa hakina DNA katika hatua yoyote ya maisha yake, si ndani ya mbu wala ndani ya mbuzi. RNA hunakiliwa kuwa RNA, mwanzo hadi mwisho. Basi chukua tyubu ileile, fanya kipimo kilekile, ila usiweke kile kimeng'enya cha mwanzo. Kirusi cha kweli kitanyamaza kimya. Kitakachowaka ni DNA, na DNA hiyo haiwezi kuwa imetoka kwa mbuzi aliyekufa kwa kirusi hiki.

Tuliiweka tyubu 17A jioni, tukakaa mbele ya kioo cha mashine wote wawili. Mstari wa M ulilala chini mpaka mwisho, kama inavyotakiwa. Mstari wa S ulianza kupanda kwenye mzunguko wa 24, palepale ulipopandia mara ya kwanza. Mwanafunzi aliweka mkono mdomoni. Sikusema neno, maana hapakuwa na la kuongeza.

Alilia kidogo, kisha akafungua daftari lake la maabara, na kwa hilo namsifu, maana alikuwa ameandika kila kitu. Siku ile umeme ulikatika. Chumba safi, ambamo mchanganyiko wa PCR huandaliwa na ambamo zao la PCR haliruhusiwi kuingia, hakikuwa kimeunganishwa na jenereta. Chumba cha jeli kiliunganishwa. RNA huharibika upesi ikipata joto, sampuli zilikuwa nje kwenye barafu inayoyeyuka, akahamia kulikokuwa na umeme ili aziokoe. Tyubu ya mwisho aliyoifungua kwenye meza ya jeli, akiwa na glavu alizoshikia jeli, ni ya 17. Maji ya kidhibiti hasi yaliandaliwa kesho yake, katika chumba safi, kwa hiyo yalitoka safi na hayakutuambia lolote juu ya tyubu ile. Kosa hilo silihesabu kuwa lake peke yake. Jengo lililounganisha jenereta na chumba kisichostahili lilichangia, na mimi niliyeliona kwa miezi bila kuandika barua nilichangia.

Tuliitupa 17A, tukasafisha meza kwa dawa ya klorini, tukabadilisha pipeti, tukahamisha mazao yote ya PCR kwenye friza ya jengo jingine. Kidhibiti kipya tulikiagiza chenye alama: herufi kadhaa zimewekwa ndani yake kwa makusudi, ambazo hazipo katika kirusi chochote duniani, ili kikivuja tukitambue mara moja tukisoma mfuatano. Na hatua ya kupima bila kimeng'enya sasa hufanyika kwa kila sampuli kabla haijapelekwa kusomwa. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na wiki tatu tulizopoteza.

Kisha tukafungua 17B, ambayo haikuwahi kutoka chumba safi. Bila kimeng'enya, kimya kwa M na kwa S. Pamoja na kimeng'enya, M mzunguko wa 33, S mzunguko wa 34. Viwili hivyo sasa vilitembea pamoja. L iliyogoma ilikuwa imegoma kwa sababu RNA ya miaka yote hiyo imekatikakatika, nasi tulikuwa tunadai uzi mrefu kutoka kwa nyuzi fupi. Tukapanga upya praima, vile vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha urudufu uanzie wapi, ili zishike vipande vifupi vinavyopandana kama vigae vya paa, na taratibu L ikajengeka, ikabaki na mapengo mawili tu.

S ya kweli haikufanana na Smithburn. Ilikuwa na herufi kadhaa tofauti, zilizokaa palepale zinapokaa katika virusi vya mlipuko wa 2006 na 2007. Ilikuwamo ndani ya 17A pia tangu mwanzo, ila sauti yake ilimezwa na zao la PCR. Vipande vyote vitatu vya sampuli 17 vinataja ukoo mmoja. Hakuna mchanganyiko, hakuna chanjo.

Kuna jambo moja hapa ambalo mgeni wa kirusi hiki anaweza kulipuuza. Virusi vya Homa ya Bonde la Ufa, kutoka Afrika Kusini hadi Misri, vinafanana mno. Ukivichukua vilivyo mbali kabisa, tofauti kwenye herufi ni kama nne au tano tu kwa kila mia, na uchambuzi wa mfuatano mzima ulirudisha babu yao wa pamoja hadi miaka ya mwisho ya karne ya 19. Kwa jamii yenye kufanana hivyo, kipande kifupi cha jeni moja hakitoshi kukitangaza kirusi kuwa mchanganyiko. Herufi tano zinaweza kubeba hitimisho zima, na herufi tano zinaweza kutoka kwenye glavu. Tangu siku ile siruhusu neno "mchanganyiko" liandikwe kabla vipande vyote vitatu havijasomwa kutoka tyubu mbili tofauti.

Tulirudi kwa mzee mwezi Agosti. Nilitaka asikie kwetu, si kwa mtu wa tatu, kwamba ini la mbuzi wake limesomwa na limesema nini. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo haikuwa sindano."

"Haikuwa sindano, mzee wangu. Ni kile cha mbu."

Akakaa kimya, kisha akamwambia mwanafunzi kwamba mdogo wake ndiye aliyewachuna mbuzi waliokufa wiki ile, na kwamba hakumaliza mwezi. Hatukulijua hilo safari ya kwanza. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Baadaye alitupeleka kwenye mbuga nyuma ya zizi. Udongo mweusi ulikuwa umepasuka nyufa zinazoingia kiganja kizima, nyasi zimelala kavu. Akatuonyesha kwa fimbo maji yalipofika mwaka ule, juu ya goti, kwenye shina la mgunga. Mbu wa jamii ya Aedes hutaga ukingoni mwa maji ya namna hiyo, na mayai yao hukaa kwenye udongo mkavu miaka hadi mafuriko mengine, baadhi yakiwa yamerithi kirusi kutoka kwa mama. Mwanafunzi alichuchumaa akachota udongo wa pembeni ya shina kwa kijiko, akautia kwenye mfuko, akaandika lebo kwa penseli: tarehe, jina la mbuga, kina cha sentimita tano. Alichota mfuko wa pili kutoka palepale, akauandika B.